Noti Peke Yake Haijengi Nyumba

Askari wengi wa jeshi na polisi wa Uganda wanavijua vile vibanda vya bati vilivyobandikwa jina la “mama ingia pole”. Ni haki yao kuuliza: ikiwa Serikali ndiyo yenye fedha, mbona haichapi za kutosha ikawajengea watu wote nyumba? Historia inalo jibu.

Chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, shilingi ilitolewa kwa dhamana ya paundi zilizowekwa London. Fedha za Mbarara zilifuata mauzo ya ng’ambo, wala si mahitaji ya wananchi. Mwaka 1964 likaundwa Shirika la Taifa la Nyumba, na mwaka 1966 Benki ya Uganda ikafunguliwa. Tangu hapo, Benki Kuu ikiikopesha Serikali, huandika tarakimu katika hesabu yake. Serikali ikimlipa mwashi, fedha mpya imekwisha kuingia sokoni. Kodi ndiyo huirudisha.

Uwezo huo, mfano wa silaha, wataka nidhamu. Wakati wa utawala wa Idi Amin noti ziliongezwa, huku viwanda vya saruji vya Tororo na Hima vikizorota. Mbarara ikabomolewa katika vita vya mwaka 1979, na saruji ya kuijenga upya ilikuwa adimu. Bei zikapanda hata, Mei 1987, shilingi 100 za zamani zikabadilishwa kwa 1 mpya, tena kwa kukatwa asilimia 30. Walioumia sana ni watu wa mshahara, askari wakiwamo.

Sasa tuitazame Nakivale. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakimbizi, kwanza wa Rwanda, baadaye wa Kongo, Burundi na Somalia, wamepewa viwanja, nao wakasimamisha nyumba kwa miti, udongo na mikono yao.

Funzo ni wazi. Nyumba hujengwa kwa ardhi, tofali na fundi. Fedha ni amri ya kuvikusanya. Penye fundi asiye na kazi na tanuri lisilowaka, fedha ya Serikali huzaa nyumba. Pasipo saruji, huzaa bei tu.

Basi tuulizapo habari za fedha, tuulize pia habari za saruji na mafundi. Jeshi halishindi kwa amri isiyo na askari. Na taifa halijengeki kwa noti tupu.