Moto Uliofungwa Ndani ya Chuma

Kila mtu wa Masisi na Walikale amemwona motari akipanda mlima baada ya mvua. Mbele yake mfuko wa mchele, nyuma yake abiria wawili, na tope linawafikia miguuni. Mara nyingine abiria ni mama mjamzito apelekwaye hospitali, maana gari haliwezi kupita. Maisha ya mama huyo na ya mtoto wake yategemea silinda moja ya chuma, ambayo nafasi yake haizidi kikombe cha chai. Tena silinda hiyo haipozwi kwa maji kama ya lori. Hupozwa kwa upepo tu. Basi, tutazame jinsi watu walivyojifunza, kwa muda wa miaka mia na zaidi, silinda ya namna hiyo yaweza kuvumilia nguvu kiasi gani.

Kwanza tufahamu kazi yake. Pistoni ikishuka, huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, ama esansi kama tusemavyo Kivu. Ikipanda, huishindilia hewa hiyo mpaka ibaki katika nafasi ndogo sana, mara 9 hivi chini ya ile ya kwanza. Ndipo buji inapotoa cheche na moto unawaka. Kadiri hewa inavyoshindiliwa zaidi, ndivyo tone moja la petroli linavyotoa kazi nyingi zaidi. Nikolaus Otto wa Ujerumani alipotengeneza injini yake mwaka 1876, ilishindilia kidogo tu, kama mara 2 na nusu. Maendeleo yote yaliyofuata yalitokana kwa sehemu kubwa na kuongeza hesabu hiyo.

Kwa nini basi tusishindilie mara 20? Sababu ni mbili: nguvu na joto. Tupige hesabu. Pistoni yenye upana wa sentimeta 5 ikisukumwa na kilo 50 kwa kila sentimeta mraba, jambo la kawaida injini ikifanya kazi ngumu, hubeba karibu kilo 1,000. Ni kama magunia 10 ya viazi vya Masisi, kila moja kilo 100, yakiangushwa juu ya pistoni ndogo, mara 50 kwa nukta moja injini ikikimbia sana. Chuma kizuri chaweza kuvumilia hayo. Lakini joto ni adui mwerevu zaidi. Mtu aliyepiga pampu ya baiskeli ajua kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto. Ikishindiliwa kupita kiasi, petroli haingoji mwendo wa moto wa buji. Ile iliyobaki pembeni hulipuka yote kwa pamoja. Hapo injini hugonga, kama nyundo ndogo ipigayo chungu. Mgongo huo huvunja tabaka nyembamba ya hewa inayokinga chuma, na pistoni ya aluminiamu huanza kulegea, halafu hutoboka.

Mwingereza Harry Ricardo ndiye aliyeonyesha wazi, katika miaka ya vita vya 1914-1918 na baada yake, kwamba kugonga huko hutegemea sana aina ya petroli. Katika vita hivyo hivyo, Gibson na Samuel Heron huko Farnborough walichunguza silinda za ndege zinazopozwa kwa upepo. Waliona kwamba kichwa cha silinda chafaa kufanywa kwa aluminiamu, chenye mapezi mengi kama ya samaki, ili upepo upate mahali pa kuchukua joto. Baadaye Heron alihamia Marekani, akatengeneza vali zenye sodiamu ndani, ambayo huyeyuka na kulitoa joto mahali pakali. Matunda ya kazi hiyo yaliingia katika injini ya Wright Whirlwind, yenye silinda 9, iliyomvusha Charles Lindbergh kutoka New York hadi Paris mwezi wa Mei 1927, kwa saa 33 na nusu bila kuzima. Injini hiyo mashuhuri ilishindilia mara 5 tu na zaidi kidogo!

Mwaka 1921 Thomas Midgley alikuwa amegundua kwamba risasi kidogo ikitiwa katika petroli huzuia kugonga. Ndege zikapata nguvu nyingi zaidi, lakini watu walilipa kwa afya yao, maana risasi ni sumu. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Hata hivyo upepo una mpaka wake. Porsche ya Ujerumani, iliyosifiwa kwa injini za upepo, ililazimika mwaka 1978 kupoza kwa maji vichwa vya silinda vya gari lake la mashindano, na mwaka 1998 ikaacha kabisa kutengeneza motokari za kupozwa kwa upepo. Bali katika mbio za Safari za Afrika Mashariki, Volkswagen ndogo yenye injini ya upepo ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, ikivumilia vumbi na tope. Injini yake haikushindilia zaidi ya mara 7. Haikuwa na nguvu nyingi, lakini ilifika.

Sasa turudi kwetu. Milima ya Masisi hupita meta 2,000, na huko hewa ni nyepesi. Misitu ya Walikale iko chini sana, penye joto na hewa nzito. Pikipiki iliyo juu ya meta 2,000 huvuta hewa pungufu kwa sehemu moja katika nane hivi, kuliko ikiwa kwenye meta 700. Ndiyo maana motari wa mlimani husema, "Injini yangu imechoka." Wengine humwomba fundi akwangue kichwa cha silinda ili ishindilie zaidi. Kweli, mlimani itapata nguvu. Lakini siku akishuka kupitia Nyabiondo na Kashebere kwenda Walikale, hewa nzito itajaa silindani, na msukumo utapita kipimo.

Wajerumani waliyajua haya tangu 1917. Injini ya ndege ya BMW, iliyobuniwa na Max Friz, ilishindilia sana makusudi kwa ajili ya anga ya juu. Na rubani alikatazwa kuifungulia nguvu zote karibu na ardhi. Rubani alikuwa na amri ya kumkumbusha. Motari wetu ana nini?

Tena tuongeze mambo mawili. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga upesi kuliko petroli safi. Na katika tope, pikipiki huenda polepole huku injini ikilia sana: joto ni jingi, upepo hakuna, na mapezi yamezibwa na udongo. Hapo ndipo kamba hukatikia pabovu, usiku, msituni, mama akiwa mgongoni mwa motari.

Basi, ndugu motari, usikubali kichwa kikwanguliwe. Osha mapezi kila jioni, injini ikiwa imepoa. Nunua petroli kwa mtu unayemwamini. Ukisikia nyundo ndogo ndani ya chuma, punguza mwendo wa injini, shusha mzigo, pumzika kivulini. Dakika 10 za kungoja si hasara. Pistoni ikitoboka Kashebere, hospitali itakuwa mbali kwa miguu.