Usawiri wa Urafiki katika Tamthilia ya Kikorea ya Reply 1988

Reply 1988 ni tamthilia ya Korea Kusini iliyorushwa na kituo cha tvN kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016, katika sehemu 20. Iliandikwa na Lee Woo-jung na kuongozwa na Shin Won-ho, ambao walikwisha kutoa pamoja Reply 1997 (2012) na Reply 1994 (2013). Sehemu ya mwisho ilifikia asilimia 18.8 katika vipimo vya utazamaji, kiwango ambacho wakati huo hakikuwa kimefikiwa na tamthilia yoyote ya televisheni ya kebo nchini humo. Mafanikio hayo yanahitaji kuelezwa, kwani hamna muuaji anayesakwa wala mrithi wa kampuni aliyempenda binti maskini. Mvuto wa kazi hii unatokana na wahusika wake, na hasa namna urafiki wao unavyoonyeshwa kuwa mazoea ya kila siku.

Mandhari ni kichochoro kimoja cha Ssangmun-dong, kaskazini mwa Seoul. Vijana watano wamekulia hapo: Deok-sun, msichana pekee kundini, na wavulana wanne, Jung-hwan, Sun-woo, Dong-ryong na Taek. Hali zao hazilingani. Baba yake Deok-sun ni mfanyakazi wa benki aliyemdhamini rafiki yake katika mkopo akabebeshwa deni, na sasa familia inaishi nusu chini ya ardhi katika nyumba ya akina Jung-hwan, ambao walitajirika kwa bahati nasibu.

Tofauti hiyo ingeweza kuzaa ugomvi wa kitabaka. Badala yake, katika sehemu ya kwanza watazamaji wanaonyeshwa mabakuli. Jioni inaingia, akina mama wanawaita watoto wao kutoka chumbani kwa Taek, wanakokutana kutazama filamu za video. Kila mtoto anatumwa kupeleka chakula nyumba ya pili. Akirudi, amebebeshwa kingine. Wanapishana kichochoroni, bakuli mkononi, mpaka meza ambayo haikuwa na kitoweo cha maana inajaa. Hakuna anayetamka neno urafiki. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kuona sahani za futari zikipita mlango hadi mlango, hahitaji kufafanuliwa tukio hili.

Uhusiano wa akina mama umechorwa kwa umakini uleule. Nao, kama ilivyo kwa Waswahili, huitana kwa majina ya watoto wao. Mama yake Deok-sun anapokwama kifedha, huzungukazunguka maneno akashindwa kuomba. Mama yake Jung-hwan hulitambua hilo na kumpa fedha bila kungoja atamke. Anayepewa havunjiwi heshima. Hapa mwandishi anaonyesha ujuzi wa hali ya juu, kwa kuwa urafiki unapimwa kwa kile ambacho mtu amemwepushia mwenzake.

Wahusika wenyewe ni duara, si bapa. Deok-sun ni mchangamfu na dhaifu darasani, lakini siku yake ya kuzaliwa inapounganishwa tena na ya dada yake Bo-ra, kilio chake kinafichua machungu ya miaka: mayai ya kukaanga yakiwa mawili, huenda kwa dada mkubwa na kaka mdogo. Taek ni bingwa wa baduk, mchezo wa ubao, anayeheshimiwa na taifa zima. Akishindwa, watu wazima hunyata kwa kumwonea huruma. Marafiki zake huingia moja kwa moja, humuuliza kama kweli kapigwa, na kumhimiza atukane ili atoe dukuduku. Kwao yeye ni Taek tu, na ndiyo sababu anapumua.

Historia nayo inapita katika maisha hayo madogo. Deok-sun amechaguliwa kubeba bango la Madagaska katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Seoul. Nchi hiyo inajitoa, kama ilivyotokea kweli mwaka 1988, na mazoezi yake yanaelekea kupotea bure. Mwishowe anaingia uwanjani ameshika bango la Uganda. Bo-ra, mwanafunzi wa chuo kikuu, anaandamana dhidi ya serikali, na hofu ya wazazi wake inalifanya jambo la kitaifa kuwa la nyumbani.

Kasoro ipo. Fumbo la nani atakuwa mume wa Deok-sun linarefushwa kupita kiasi, na Jung-hwan, ambaye undani wake ulijengwa kwa subira, anaachwa pembeni kuelekea mwisho. Taharuki hiyo iliwagawa mashabiki, lakini ingepunguzwa tamthilia isingepoteza kitu cha msingi. Kinyume chake, mabakuli yakiondolewa, hakibaki kitu.

Sehemu ya mwisho inathibitisha uzito wa urafiki huo. Familia zinahama moja baada ya nyingine, na nyumba zinaachwa zikisubiri kubomolewa. Deok-sun, sasa mtu mzima, anarudi, anafungua mlango wa chumba cha Taek, na kuwaona wenzake wameketi kama zamani, wangali vijana. Mwisho huo unastahili zaidi kuliko jibu lolote kuhusu ndoa.