Habari za Baisani na Watu wa Nyanda Kuu za Amerika

Jina la baisani halijapata kikao imara katika Kiswahili. Aghalabu wafasiri humwita nyati, wakifuata desturi ya wazungumzaji wa Kiingereza wa Amerika, waliompa jina lile lile wampalo nyati wa Afrika na nyati wa maji wa Asia. Jina hilo humpoteza msomaji. Nyati wetu, ambaye wengine humwita mbogo, hana nundu, hana ndevu, wala hana manyoya mazito ya kumkinga na theluji. Baisani anayo yote matatu. Kwa nasaba baisani yu karibu na ng'ombe wa nyumbani kuliko alivyo karibu na nyati wa Afrika, hata akipandishwa na ng'ombe huweza kuzaa. Kwa hiyo katika insha hii tutamwita baisani, ili kila mnyama abaki na jina lake.

Shabaha yetu ni kulijibu swali moja. Wataalamu hukadiria kwamba zamani baisani wa Amerika ya Kaskazini walikuwa kati ya milioni 30 na 60. Mwaka 1889 mtu mmoja aliyejaribu kuwahesabu wote, wa porini na wa mazizini, alipata 1,091. Ni nini kilichopita hapo katikati? Jibu lililozoeleka ni bunduki na reli. Ni jibu la kweli, lakini ni pungufu. Maana bunduki ni chombo na reli ni njia, na chombo na njia havina nia. Yafaa tuutafute mkono ulioshika chombo, na sheria iliyoutazama mkono huo ikanyamaza.

Kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Wazee wa baisani walitoka Asia. Katika enzi za barafu maji mengi ya dunia yaliganda juu ya nchi, bahari ikapungua kina, na palipo leo mlango wa bahari wa Bering pakawa nchi kavu. Ushahidi wa mifupa ya kale waonyesha kwamba baisani walivuka hapo kwa mara ya kwanza kati ya miaka 195,000 na 135,000 iliyopita. Ndugu zao waliosalia upande wa pili walijulikana sana na watu wa kale wa Ulaya, waliochora sura zao katika pango la Altamira, Hispania, na kuwafinyanga kwa udongo katika pango la Tuc d'Audoubert, Ufaransa.

Dume lililopevuka huweza kufikia kilo 900, na jike ni kama nusu ya uzito huo. Nundu yake si ya mafuta kama ya ngamia. Ni misuli iliyoshikwa na miiba mirefu ya uti wa mgongo, nayo ndiyo ibebayo kichwa kizito. Wakati wa baridi baisani hukitumia kichwa hicho kama jembe, akakipeleka kulia na kushoto kufukua theluji mpaka ayafikie majani. Pamoja na uzito wake, huweza kukimbia kilomita 55 kwa saa. Hugaagaa vumbini ili kujiondolea wadudu, na mashimo anayoyaacha hutuama maji ya mvua, wakapata makao humo vyura na mimea ipendayo maji. Samadi yake hurutubisha nchi. Hivyo nyika ilimlisha baisani, na baisani naye akaitengeneza nyika. Lakini jike huchukua mimba yapata miezi tisa na huzaa ndama mmoja tu, wala si kila mwaka. Mnyama wa namna hii huvumilia kuwindwa kwa kiasi. Havumilii kuwindwa bila kiasi.

Watu waliishi naye kwa maelfu ya miaka kabla ya kumjua farasi. Mahali paitwapo Head-Smashed-In, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, wenyeji waliwinda kwa karibu miaka 6,000 kwa kulielekeza kundi kwenye genge. Walipanga marundo ya mawe kama kingo za njia. Vijana wenye mbio wakavaa ngozi za wanyama, wengine wakilivuta kundi na wengine wakilisukuma, mpaka wanyama wa mbele walipoliona genge wasiweze tena kusimama. UNESCO ilipaandika mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Nyama ilikaushwa, ikapondwa, ikachanganywa na shahamu na matunda ya porini, ikawa chakula cha safari na cha miezi ya baridi. Ngozi ikawa hema na nguo, kano zikawa uzi, pembe zikawa vijiko, na samadi kavu ikawa kuni katika nchi isiyo na miti.

Haifai, hata hivyo, kuwapamba watu wa kale kwa sifa wasizozihitaji. Katika korongo moja la Colorado, yapata miaka 10,000 iliyopita, baisani karibu 190 walianguka pamoja, na baadhi ya waliolaliwa chini hawakuchunwa kabisa. Watu hao walikuwa binadamu, si malaika. Kilichowazuia wasimmalize mnyama wao ni kwamba haja yao ilikuwa na ukomo: walipokwisha kula, kuvaa na kuweka akiba, hapakuwa na mtu wa mbali wa kuwaambia waongeze.

Ukomo huo ulianza kulegea alipokuja farasi. Farasi waliletwa na Wahispania, na baada ya wenyeji wa Pueblo kuasi huko New Mexico mwaka 1680, walienea upesi kuelekea kaskazini. Wacomanche, Wacheyenne na Walakota wakawa wawindaji wa juu ya farasi. Katika karne ya 19 ikastawi biashara ya majoho ya manyoya, ambayo wenyeji waliyabadilisha kwa bunduki, vyombo vya chuma na pombe. Mwanahistoria Dan Flores, katika makala yake ya mwaka 1991, alionyesha kwamba katika nyanda za kusini baisani walikuwa wamekwisha kupungua kabla ya wawindaji weupe kufika kwa wingi: farasi walishindana nao kwa majani na maji, ukame uliwadhuru, na biashara ikawapunguza. Lakini hata biashara ya majoho ilikuwa na kizuizi. Kulainisha ngozi moja kulihitaji siku nyingi za kazi ya mikono ya wanawake. Bunduki zikiua kwa haraka namna gani, mikono hiyo haikuweza kuzidishwa kwa amri.

Kizuizi hicho kiliondoka mnamo mwaka 1871, viwanda vya ngozi vilipopata njia ya kuifanya ngozi ya baisani kuwa ngozi ngumu ya kazi. Ngozi hiyo ilifaa kwa viatu na, zaidi ya yote, kwa mikanda ya kuendeshea mashine. Mtaalamu wa uchumi M. Scott Taylor, mwaka 2011, alieleza kwamba ujuzi na mahitaji ya Ulaya ndiyo hasa yaliyoifungua biashara hii, na kwamba shehena kubwa za ngozi zilivuka bahari. Tangu hapo ngozi mbichi iliyokaushwa juani ilitosha kuuzwa. Mkono wa mwanamke haukuhitajiwa tena. Reli ilifika Dodge City, Kansas, mwaka 1872, na wawindaji wakaja nayo kwa mamia. Mwindaji alijificha mbali, akampiga risasi ya mapafu jike lililoongoza kundi. Nalo lilipoanguka taratibu, wenzake walimzunguka na kumnusanusa badala ya kukimbia, wakapigwa mmoja mmoja. Tabia iliyowahifadhi mbele ya mbwa mwitu, yaani kukaa pamoja, ikawa ndiyo maangamizi yao. Ngozi ilichukuliwa na nyama ikaachwa ioze. Baadaye mifupa nayo ikaokotwa, ikapelekwa viwandani kuwa mbolea na mkaa wa kusafishia sukari. Makundi makubwa ya kusini yalikwisha kabla ya miaka ya 1870 kumalizika. Reli ilifika Miles City, Montana, mwaka 1881, na kufikia mwaka 1883 makundi ya kaskazini nayo yalikuwa yametoweka.

Je, serikali ya Marekani ilikusudia hayo ili kuwavunja wenyeji? Swali hili lataka hadhari. Kuna maneno mashuhuri yasemwayo kuwa Jenerali Philip Sheridan aliyatamka mbele ya bunge la Texas, akiwasifu wawindaji kwa kuiharibu ghala ya chakula cha adui. Maneno hayo yalichapishwa na mwindaji wa zamani, John Cook, mwaka 1907, miaka mingi baada ya wakati wenyewe, na kumbukumbu za bunge haziyathibitishi. Mwanafunzi wa historia asiyajenge juu yake. Ushahidi ulio imara ni mwingine, nao watosha. Katika taarifa yake ya mwaka 1873, Waziri wa Mambo ya Ndani Columbus Delano aliandika kwamba hatasikitika sana baisani wakitoweka, kwa kuwa wenyeji wangelazimika kuutegemea udongo. Mwaka 1874 mabaraza yote mawili ya Bunge yalipitisha mswada wa kuwalinda baisani. Rais Ulysses Grant hakuutia sahihi. Aliuacha ukafa mikononi mwake.

Ubaya wa kimya hicho hudhihiri tukiisoma mikataba. Katika mkataba wa Medicine Lodge wa mwaka 1867, na ule wa Fort Laramie wa mwaka 1868, wenyeji waliachiwa haki ya kuwinda nje ya maeneo waliyotengewa, kwa sharti moja: haki hiyo ingedumu maadamu baisani wangalipo kwa wingi wa kutosha kuwindwa. Uhai wa haki ulifungwa katika uhai wa mnyama. Basi aliyemuua baisani alikuwa akiifuta sheria kwa risasi, na hakuhitaji kujua kwamba aifuta. Soko liliua kwa ajili ya faida. Serikali ikavuna ardhi. Hapakuhitajiwa njama ya siri, kwa kuwa maslahi mawili yalikwenda njia moja, na aliyeweza kuyazuia aliona heri anyamaze.

Wenyeji walilifahamu jambo hili mapema. Mwezi Juni 1874 Wacomanche, Wakiowa na Wacheyenne waliishambulia kambi ya wawindaji wa ngozi mahali paitwapo Adobe Walls, Texas. Walishindwa, na vita vilivyofuata viliwaingiza katika maeneo ya kutengwa. Katika miezi ya baridi ya 1883 hadi 1884, mamia ya Blackfeet wa Montana walikufa kwa njaa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyesimuliwa jinsi sotoka ilivyowaua ng'ombe wa Wamaasai katika miaka ya 1890 atakisia hali ilivyokuwa. Ila sotoka ilikuwa maradhi, na haya yalikuwa matendo ya watu. Ngoma ya Mizimu iliyoenea nyikani mwaka 1890 iliahidi kwamba wafu watafufuka na baisani watarudi. Jeshi liliiona dini hiyo kuwa ni uasi, na tarehe 29 Desemba mwaka huo likawaua Walakota zaidi ya 150, wanawake na watoto wakiwamo, huko Wounded Knee.

Kuokolewa kwa baisani husimuliwa kwa kawaida kama kazi ya William Hornaday, ndiye yule aliyefanya hesabu ya mwaka 1889. Alistahili sifa. Jumuiya ya Baisani wa Amerika iliundwa mwaka 1905 kwa juhudi zake, na mwaka 1907 baisani 15 wa bustani ya wanyama ya Bronx walisafirishwa kwa treni hadi Oklahoma kuanzisha kundi jipya. Lakini kabla yake wenyeji walikuwa wamekwisha kuanza. Katika miaka ya 1870 watu wa Pend d'Oreille walivusha ndama wachache ng'ambo ya milima ya Rocky hadi bonde la Flathead. Michel Pablo, ambaye mama yake alikuwa Blackfoot, pamoja na mwenzake Charles Allard, wakalinunua kundi hilo na kulilea hadi likawa mamia. Ardhi ya bonde ilipoamriwa kugawiwa walowezi, Pablo hakuwa tena na malisho. Tangu mwaka 1907 akawauzia Kanada baisani karibu 700. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikatwaa sehemu ya ardhi ya wenyeji wa bonde lilo hilo, ikaizungushia uzio, ikaiita hifadhi ya baisani. Hivyo mnyama aliokolewa kwa kuondolewa mikononi mwa waliomwokoa. Sheria ya kuwarudishia ardhi hiyo ilipitishwa mwezi Desemba 2020, baada ya miaka 112.

Baisani wa Ulaya naye alinusurika chupuchupu. Wa mwisho wa porini katika msitu wa Białowieża alikufa mwaka 1919, na wa Caucasus mwaka 1927. Wakasalia 54 mazizini, na wote waliopo leo wametokana na 12 kati yao. Kwa uzazi uliosimamiwa kwa daftari la nasaba, walioishi huru walizidi 6,200 mwaka 2019. Twaona kwamba spishi huweza kurudishwa kwa elimu na subira.

Kurudisha uhusiano ni kazi ngumu kuliko hiyo. Mwaka 2016 Marekani ilimtangaza baisani kuwa mnyama wake wa taifa. Hata hivyo wengi wa baisani waliopo ni mali ya wafugaji wa nyama, na wale wa Yellowstone wavukao mpaka wa hifadhi wakati wa baridi huuawa au hukamatwa, kwa hofu ya ugonjwa wa kutupa mimba ambao baisani waliambukizwa na ng'ombe. Baraza la makabila lililoundwa mwaka 1992 kwa ajili ya kurudisha baisani katika ardhi za wenyeji limekwisha kupeleka maelfu, wakiwamo wa Yellowstone waliothibitishwa kuwa wazima. Kazi hiyo yaelekea kuwa jibu bora kwa mikataba ya 1867 na 1868. Maneno yake yalisema haki itakuwapo maadamu baisani wapo. Baisani wapo. Sehemu ya pili ya sentensi ndiyo ingali inadaiwa.