Vipodozi

Vipodozi, kama sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 ilivyovifafanua, ni vitu vinavyopakwa, kumiminwa au kunyunyizwa mwilini ili kuusafisha, kuupamba au kuibadili sura yake. Usimamizi wake, uliokuwa kwa mamlaka ya chakula na dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Tatizo lililo zito zaidi katika usimamizi huo ni mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi zilizochanganywa pamoja, ambamo mara nyingi hukutwa zebaki, sumu ipenyayo ngozini hata ikadhuru mafigo, au haidrokwinoni, ambayo ikidumishwa huacha usoni mabaka meusi yasiyotoka kwa urahisi. Vyote viwili ni marufuku, na ni haki viwe hivyo, maadamu mnunuzi hana hila ya kuitambua sumu isiyotajwa kwenye lebo.