Miaka 41 ya Kuisubiri Mahakama

Jumapili ya tarehe 31 Agosti 1980, fundi umeme Lech Wałęsa alitia saini makubaliano ya kumaliza mgomo na serikali ya kikomunisti ya Poland katika kiwanda cha meli cha Gdańsk, na jina lake likavuma dunia nzima. Kesho yake, mjini Warsaw, Mahakama Kuu ya Utawala ilianza kazi. Tukio hilo la pili halitajwi sana nje ya nchi hiyo. Wala mahakama haikuzaliwa na mgomo, kwani sheria iliyoiunda ilipitishwa tarehe 31 Januari, miezi saba kabla. Hata hivyo, yote mawili yalitokana na kiu moja: mtu wa kawaida alitaka kusikilizwa na dola.

Mwananchi akinyimwa kibali cha kujenga, au akitozwa kodi asiyostahili, nani atamwambia ofisa kwamba amevunja sheria? Ni mkubwa wa ofisa huyo, au ni hakimu? Wapoland walilijibu swali hili mapema, wakanyang'anywa jibu lao, kisha wakalidai tena.

Kufikia mwaka 1795 nchi yao ilikuwa imekwisha kugawanywa na Urusi, Prussia na Austria, na kila mtawala alikuja na sheria zake. Kuanzia 1876 mkazi wa Kraków aliweza kuishtaki ofisi kwenye mahakama ya utawala ya Vienna. Poznań ilikuwa na mahakama za Kiprussia. Warsaw, chini ya mfalme wa Urusi, haikuwa na mahakama ya namna hiyo. Aliyeonewa alibaki kuwasihi wakubwa.

Uhuru uliporudi mwaka 1918, mifumo hiyo mitatu ilipaswa kuwa mmoja. Katiba ya Machi 1921 iliahidi mahakama za utawala, na sheria ya tarehe 3 Agosti 1922 ikaunda Baraza Kuu la Hukumu za Utawala. Mfano wake ulitoka Vienna. Hakimu hakufanya kazi ya ofisa. Alikagua kama sheria imefuatwa, na alipokuta imevunjwa, alifuta uamuzi ili ofisi ianze upya. Mahakama za ngazi ya chini zilibaki magharibi tu, zilikorithiwa kutoka Prussia. Kwingineko kesi zote zilimiminikia Warsaw, zikarundikana. Mwaka 1928 zikaongezwa kanuni za jinsi ofisi inavyopaswa kushughulikia shauri, zilizofuata kwa karibu zile za Austria.

Vita vya Septemba 1939 vililizima Baraza. Baada ya vita halikufufuliwa. Watawala wapya walishikilia kwamba dola ni ya wafanyakazi, basi mfanyakazi na dola yake wana ugomvi gani wa kupeleka kortini? Sheria ya Machi 1950 ikafuta pia serikali za mitaa na kuweka mabaraza yaliyounganishwa na dola kuu. Mwenye malalamiko aliandika barua, au alimwendea mwendesha mashtaka wa serikali.

Katikati ya ukimya huo, tarehe 14 Juni 1960, bunge la watawala haohao wa kikomunisti lilipitisha Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Utawala. Kwangu mimi, hapa ndipo penye uzito wa historia hii yote. Kanuni hizo hazikumpa mtu hakimu, zilimpa karatasi. Ichukue barua ya kumnyima mtu kibali cha kujenga. Kifungu cha 107 kinataka ioneshe ofisi iliyoitoa, tarehe, jina la mhusika, sheria iliyotegemewa, uamuzi wenyewe, sababu zake za mambo yaliyotokea na za kisheria, maelekezo ya kukata rufaa, na saini ya ofisa pamoja na cheo chake. Rufaa huenda ngazi ya juu ndani ya siku 14. Ofisa aliyezoea kusema “haiwezekani” akalazimika kuandika kwa nini haiwezekani. Sababu ikishaandikwa, inaweza kupingwa. Mahakama iliporudi baada ya miaka 20, ilikuta jambo la kulikagua tayari limo ndani ya jalada.

Ilirudi kwa tahadhari. Mwanzoni ilisikiliza tu mashauri yaliyotajwa kwenye orodha, ujenzi na kodi yakiwemo. Yasiyotajwa hayakuwa na mlango. Mwaka 1988 Ewa Łętowska, profesa wa sheria, akaanza kazi akiwa Mtetezi wa Haki za Raia wa kwanza nchini, wakati chama kimoja bado kinatawala.

Mwaka 1990 mambo yalikwenda mbio. Sheria ya tarehe 8 Machi ilizirudisha halmashauri za gmina, yaani serikali za mitaa za ngazi ya chini, uchaguzi wake ukafanyika Mei 27, na mwezi huohuo orodha ile ikafutwa: sasa karibu kila uamuzi wa ofisi uliweza kupingwa mahakamani. Katiba ya 1997 ikadai ngazi mbili za mahakama. Hizo zilianza tarehe 1 Januari 2004, na leo kila mkoa kati ya mikoa 16 una mahakama yake, huku Mahakama Kuu ya Utawala ikisikiliza rufaa.

Kanuni za 1960 zingali zinatumika, zikiwa zimetiwa viraka vingi. Kiraka cha mwaka 2017 kinasema kwamba pale uamuzi unapohusu kumtwisha mtu wajibu au kumpunguzia haki, na maana ya sheria ikabaki na utata, kwa kawaida tafsiri imwelekee yeye. Anayetaka kuishtaki ofisi leo ana siku 30, na lalamiko lake halipeleki moja kwa moja kwa hakimu. Hulikabidhi kwa ofisi ileile anayoishtaki, nayo ina wajibu wa kulifikisha mahakamani pamoja na jalada lote, ingawa inaweza pia kuona kosa lake na kulirekebisha yenyewe kwanza.