Unataka laptop ya mtumba? Soma namba ya prosesa kwanza

Bei ya laptop iliyotumika inaweza kukuvutia, lakini kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aiwashe, kisha kagua haya.

Prosesa: Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma 14 Oktoba 2025. Kwa Intel Core, Windows 11 inakubali rasmi kizazi cha 8 na kuendelea, ukiacha chache za kizazi cha 7. Kibandiko cha "Core i5" peke yake hakitoshi: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7200U ni cha 7.

Ukiikuta ina Windows 11 tayari, usiridhike. Fundi anaweza kuiweka kwa kukwepa masharti, na Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya aina hiyo.

Betri: Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wa sasa. Kama 50,000 mWh imebaki 25,000, nusu imeshakwenda.

Diski: Chagua SSD. Inawaka haraka kuliko HDD.

Muuzaji akikukatalia kukagua, bora utafute duka jingine.