Chema Chajiuza: Habari za Chai na Mwonjaji Wake

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, na aghalabu ni ya kweli. Lakini iko bidhaa moja ipitayo machoni pa watu wa Chaani ambayo, ijapokuwa ni njema, haiwezi kujiuza mpaka iingie kinywani mwa mtu, ionjwe, kisha itemwe. Bidhaa hiyo ni chai.

Simama kando ya barabara, msomaji, hapa Chaani, ng'ambo ya Makupa, uyatazame malori yashukayo kutoka bara kuelekea Kilindini. Baadhi yake yamebeba chai ya Kericho, Nandi, Kisii, Murang'a na Meru. Mengine yamebeba chai ya Uganda, Rwanda na Burundi. Chai hiyo haipandi melini siku ile ile ifikapo. Kwanza huwekwa katika maghala ya Mombasa, na mengine ya maghala hayo yako upande wetu huu wa Changamwe. Humo hukaa ikingoja hukumu.

Labda utauliza, hukumu hiyo hutolewaje? Mwonjaji hupanga mezani safu ndefu ya vikombe vyeupe vya kaure. Katika kila kimoja hutia majani ya chai ya uzito wa gramu 2.8 hivi, kipimo kilicholingana na sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita. Humimina maji yachemkayo, akafunika kwa muda wa dakika 5 au 6. Kisha huangalia mambo matatu: majani makavu, majani yaliyolowa, na maji yenyewe. Ndipo huchota kijiko, akayavuta maji yale kwa nguvu pamoja na hewa, hata sauti ikasikika, ili ladha ienee ulimini na harufu ipande puani. Mtoto anywaye hivyo nyumbani angekemewa, lakini kwa mwonjaji huo ndio ustadi. Halafu hutema, akaendelea na kikombe cha pili, cha tatu, na cha mia.

Atafutacho ni wekundu ung'aao kama shaba, uzito wa ladha, na ule ukakasi mzuri uuamshao ulimi. Majani yaliyokomaa mno, yaliyochachuka kupita kiasi, au yaliyoungua kiwandani, yote hujifichua kikombeni. Wanunuzi nao hupelekewa vifurushi vya kuonja kabla ya siku ya mnada, na kila mmoja huja akiwa amekwisha kuamua moyoni bei yake.

Kazi hii haikuanzia kwetu. Mjini London chai ilianza kuuzwa mnadani mwaka wa 1679. Katika Kenya mche wa chai ulipandwa kwanza Limuru mwaka wa 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakafungua mashamba makubwa Kericho. Siku hizo Mwafrika aliichuma chai ya mwingine. Kuilima iwe mali yake hakuruhusiwa. Mlango ulianza kufunguliwa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na mwaka wa 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwahudumia wakulima wadogo. Mnada nao ulianza Nairobi mwaka wa 1956, ukahamia Mombasa mwaka wa 1969. Ule wa London ulifungwa mwaka wa 1998. Basi hukumu iliyokuwa ikitolewa ng'ambo ya bahari leo hutolewa mjini mwetu. Tangu mwaka wa 2020 kunadi hufanywa kwa kompyuta, lakini kuonja kungali kazi ya ulimi.

Kazi ya ulimi huonekana zaidi katika mwaka mgumu. Wafaransa wa Bordeaux huandika juu ya chupa ya mvinyo wao mwekundu mwaka zilipovunwa zabibu. Mwaka wa 2013 uliwaelemea: baridi na mvua ziliharibu zabibu, wakavuna kidogo. Mnunuzi asiye na subira husikia habari za mwaka kama huo, akaukataa mvinyo wote. Mnunuzi mwerevu huonja wa shamba moja baada ya jingine, kwa maana yuko mkulima aliyechambua zabibu zake, akazitupa mbovu zote, akaridhika na kidogo kilicho kizuri. Mwaka ulikuwa mmoja, lakini mikono ilikuwa mingi.

Wengi wetu pwani hii hatunywi mvinyo, lakini sheria hiyo hiyo imo katika chai yetu. Mvua zinyeshapo sana, majani huchipuka kwa haraka, huwa mengi, na ladha yake huwa nyepesi. Katika ukavu wa Januari na Februari mche hukua polepole. Majani huwa machache, na ladha hukolea. Ndiyo sababu wanunuzi huingoja chai ya miezi hiyo. Ukavu ukizidi ni msiba, na sakitu, yaani umande ulioganda, huyaunguza majani kabisa. Mwanzoni mwa 2012 sakitu iliharibu mashamba ya Kericho na Nandi, na mwaka huo Kenya ikapata kilo milioni 369 hivi. Mwaka wa 2013 mvua zilikuwa njema, zikapatikana kilo milioni 432. Je, wadhani wakulima walitajirika? La. Chai ilipozidi mnadani bei ilishuka, na malipo ya wakulima wadogo wengi yakapungua. Wingi si sawa na thamani.

Sasa mfikirie mama achumaye chai huko Murang'a. Huchuma kwa mkono majani mawili na chipukizi lake, na kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Yeye hamjui mwonjaji, wala mwonjaji hamjui yeye; kilichopo baina yao ni kikombe kimoja. Majani yake yakilala juani yakingoja gari, kikombe kitasema kwamba chai imeharibika, na bei itashuka. Lakini kikombe hakitasema ni nani aliyechelewa. Ulimi waweza kuwa mkweli juu ya chai, na hukumu ikawa dhuluma juu ya mtu.

Dawa ya jambo hili ni maarifa. Mkulima ajuaye kuonja chai yake kama mnunuzi aionjavyo ataweza kuuliza: Kosa liliingia wapi, shambani, njiani au kiwandani? Asiyejua atapokea bei kama apokeavyo mvua, akiinamisha kichwa.

Jioni hii, msomaji, kabla ya kutia sukari katika chai ya rangi, itazame, inuse, uionje. Chema chajiuza, ni kweli. Lakini hujiuza kwa bei ya haki pale tu mwenyewe ajuapo wema wake.